Ombi Shimo Lisifukiwe Mpaka Mtumbwi Wangu Ununuliwe

Bulengera, Butembo, 9 Novemba 2001

Kwa Mheshimiwa Chef wa Quartier, mkuu wa mtaa wetu,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi Paulin Lusenge, mlipa kodi wako na wa yule aliyekutangulia mwezi uliopita, nakuandikia kuhusu shimo kubwa la barabarani mbele ya parcelle yangu, kiwanja ninachoishi. Naomba lisifukiwe. Najua hukuwa na mpango huo, lakini vita hii imetufundisha kuwa na maandishi.

1. Askari walipoanza kunyakua mitumbwi ya Kyavinyonge, kule ziwani, niliupakia wangu kwenye lori chini ya makabichi, nikaupandisha hapa mlimani, ambako hakuna anayetafuta mtumbwi. Mpango ulifaulu mno. Mwaka wa pili sasa, hata wanunuzi hawautafuti.

2. Mtumbwi ni mzima. Una matundu mawili tu ya risasi, ya jeshi moja. Lile jeshi jingine lilitoboa matatu, ila madogo. Nyufa zililetwa na jua, na jua halina kommanda wa kumshitakia.

3. Nimeutengeneza. Lami haipatikani, kwa hiyo niliziba kwa sabuni, bugali iliyolala na vipande vya kitambaa. Kitambaa kilikuwa kikwembe cha mke wangu Kavira, kile cha ndoa yetu. Sikujua kwamba bado anakipenda. Hakuwa anakivaa, alikuwa anakikunja tu. Akasema: "Baba Joyeuse, chagua: miye ao hii mutumbwi." Nikaomba siku mbili za kufikiri. Akaenda kwa dada yake kule Mususa ili nifikiri vizuri. Leo ni wiki ya tatu. Nyumba ni baridi, Mheshimiwa, na upweke unaniumiza.

4. Lazima basi niuuze, Kavira arudi. Bilali, mfanyabiashara wa Beni, yuko tayari, ila anasema: "Mutumbwi banaangariaka mu maji, hapana mu parcelle." Ziwa liko mbali na lina askari. Shimo lako liko karibu, na juzi lilimeza pikipiki mpaka kwenye taa. Nimejaribu: mtumbwi unaelea humo dakika sita. Bilali nitampa tano.

Kwa hiyo naomba shimo libaki. Mvua inyeshe Jumamosi ijayo, Bilali atakapokuja, au kama hilo linapita uwezo wako, kila mkaaji alete bidon, dumu moja la maji. Na wewe mwenyewe ukae ndani ya mtumbwi, umevaa kofia ya kazi, mnunuzi apate imani. Ukizama, utazama kiserikali.

Nisalimie mama wa nyumbani, watoto, na askari wanaokulinda dhidi yetu.

Mtiifu wako,
Paulin Lusenge

N.B. Barua hii imekaa mfukoni wiki tano, maana bureau yako ilifungwa mkigombania muhuri, wewe na chef mwenzako aliyekutangulia. Katikati ya hayo Kavira alirudi. Hakunifuata mimi, alifuata kikwembe. Alikichomoa kwenye matundu kipande kwa kipande, akafua, akaanza kukiunga upya. Kazi hiyo ni ndefu, akabaki. Mtumbwi ameujaza udongo, akapanda lengalenga. Kwa kuwa maji hayatuami, yanatokea matunduni, mboga zimenona. Bilali alifika, hakuuliza mtumbwi, alinunua mafungu manne. Naomba basi shimo lifukiwe haraka, wateja wanashindwa kuvuka. Mtumbwi hauuzwi tena. Jana Kavira aliukagua, akasema matundu hayatoshi. Nimeazima nyundo na msumari.