Tetemeko Lililopita Bila Barua ya Balozi

Hotuba ya Ndugu Mwinyimadi Pazi, Afisa Mratibu Msaidizi wa Mitikisiko, kwenye ufunguzi wa Kituo cha Kupimia Matetemeko, Msimbu, Kisarawe, 1975. Imenukuliwa neno kwa neno na katibu wa kijiji, ambaye hakuombwa kuhariri.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Ndugu Salehe, Ndugu Mabalozi wa Nyumba Kumi Kumi, mliokaa na mliokosa viti, Mwalimu Mkuu, masheikh wetu, wazee mlionitangulia kuzaliwa ingawa si kusoma, akina mama wapishi, maana harufu ya pilau nimeanza kuipata tangu kule juu Kisarawe, na nyinyi wananchi wa kawaida: hamjambo? (Hatujambo.) Mimi sijambo zaidi. (Makofi ya mtu mmoja, dereva wake.)

Ndugu wananchi, mwezi uliopita, saa nne asubuhi, wakati wa kazi, tetemeko lilipita hapa Msimbu na kuacha ufa kwenye ukuta wa darasa la tatu, ufa ambao leo nimeuingiza mkono mimi mwenyewe, na saa yangu ikapita bila kukwaruzika. Mwalimu Marselina amenieleza kwa heshima kwamba ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyosukumana polepole, kwamba mwamba ukibanwa miaka mingi siku moja hukatika ghafla na ardhi ikatikisika, na kwamba volkano ni mwamba ulioyeyuka, wenye gesi, unaotafuta pa kutokea, kama ule mlima wa kule Arusha uliotapika majivu miaka ya sitini. Akaongeza kwamba binadamu hawezi kulizuia tetemeko, ila anaweza kujenga imara na kuwaondoa watoto chini ya ukuta mbovu. Haya ni maelezo mazuri kwa darasa la tatu. (Kicheko cha dereva.)

Ofisi yangu imekwenda mbali zaidi. Tumeunda kamati, kamati ikaunda seketarieti, seketarieti ikafanya koodinesheni ya hali ya juu, na kwa asilimia mia moja na nne tumegundua kwamba tetemeko lile halikufuata ngazi! (Minong'ono.) Nauliza: lilipita kwa balozi gani? Lilikuwa na barua? Mgeni yeyote anayeingia kijijini lazima aripoti kwa balozi, aandikwe jina, aseme atalala kwa nani na ataondoka lini. Hili limeingia bila kuripoti, limetikisa, limeondoka. Nimeagiza kwamba kuanzia leo kila balozi afungue daftari la mitikisiko, na tetemeko lisilo na barua lisitambuliwe.

(Bi Biubwa anasimama: "Shikamoo mkubwa, ingawa kwa umri nakuzaa. Mjukuu wangu Zena anakaa chini ya ule ufa. Jumatatu shule inafunguliwa. Sisi wazazi tulifyatua matofali mia nane, tukayachoma kwa kuni zetu, ya kuujenga upya ule ukuta. Yako wapi?")

Swali zuri sana, mama, na linaonyesha mwamko. Matofali yako salama. Nimeyasimamia. (Watu wote wanaangalia chini ya viatu vyake.) Ndiyo, jukwaa hili! Kiongozi wa mitikisiko hawezi kuhutubia akiwa sawasawa na ardhi anayoikemea. Na kwa kuwa saruji ilichelewa, tumeyapanga tu bila kuyashikanisha, kwa teknolojia ya muda mfupi ya muda mrefu.

Kuhusu tahadhari: ukiwa nje, kaa mbali na kuta, ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, na ukiwa kiongozi, uwe safarini. (Kicheko cha kweli, cha kwanza.) Asanteni. Naona sasa akina mama wanajipanga mstari kutoka hapa jukwaani hadi shuleni. Safi sana! Hilo ndilo gwaride, na mmelipanga wenyewe bila kuambiwa. Naona na wimbo mmeanza, ule wenu wa kujitolea. Endeleeni, mimi nazungumza juu yake.

Sasa nikisema ARDHI, nyinyi semeni ITULIE! Ardhi! (Wimbo unaendelea, mikono yao ina kazi.) Ardhi! (Jukwaa linayumba upande wa kushoto.) Ndugu wananchi... tulieni. Nahisi mtikisiko. Ni tetemeko! Balozi, lina barua hilo? Balozi!

(Bi Biubwa, tofali mkononi: "Si tetemeko, mwanangu. Ni ukuta wa Zena unarudi shuleni. Inua mguu huo.")

Nimeinua. (Anainua na wa pili. Dereva anamdaka.) Basi, nikiwa sasa sawasawa na ardhi, nihitimishe. Kituo hiki kidumu! Vipimo vyake vidumu! Nakata utepe, na mtakaochungulia nyuma yake mtaona mihogo ya Ndugu Salehe, wala msishangae, kwa sababu kituo hakijajengwa, ramani yake haijachorwa, na ofisini hakuna aliyewahi kukiomba. Kilichokuwapo ni hotuba tu. Nawashukuru kwa kuniazima matofali ya kuisomea.

(Pilau lilipelekwa shuleni, kwa waliokuwa wanajenga. Mgeni rasmi aliletewa yai la kuchemsha. Ukuta ulisimama Jumapili alasiri.)