Mwizi Hana Muda wa Salamu

Jumatatu, 3 Machi

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara ameleta kiti kinachopanda na kushuka. Kina kanyagio. Akikanyaga, mteja anapaa. Akikanyaga tena, mteja anashuka taratibu kama mgeni rasmi. Juu ya mlango ameandika "Daktari wa Nywele". Mimi nina kiti cha mbao na mito miwili. Mteja mfupi namwekea yote miwili, mrefu naiondoa na kumwomba ajikunyate. Tangu asubuhi nimenyoa kichwa kimoja, nacho ni cha mwalimu mstaafu, ambaye ana upara. Huja kusoma gazeti langu, na kwa adabu huniachia nimpitishie wembe nyuma ya masikio.

Mchana nimeingia kwenye simu kutafuta kiti. Nimekipata! Duka dogo la mtandaoni, na limejieleza lenyewe: "Sisi ni familia." Kiti kilekile, tena chekundu, kwa theluthi ya bei. Vimebaki viwili tu. Nimemwonyesha mwalimu, akasema rahisi ni ghali. Nikamwambia hayo yalikuwa ya enzi za chaki.

Tatizo ni kadi. Kadi ya mkopo iliyomo nyumbani kwetu ni ya mke wangu. Yeye ni muuguzi, na kwa miaka amekuwa akiomba nafasi ya kusomea ukunga. Safari hii ameipata. Ada atalipa kwa kadi hiyo siku ya Ijumaa, mwisho saa kumi jioni. Asiyelipa, nafasi yake anapewa mwingine. Ameniambia kadi isiguswe. Nimeitikia vizuri tu, maana kuitikia hakugharimu kitu.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji, mdogo wake mke wangu, amekuja kula. Yuko benki, kitengo cha wizi wa kadi. Aliponiambia mara ya kwanza nilidhani ndio wanaoiba. Nikamuuliza juujuu, kwa niaba ya rafiki, mtu afanyeje akitaka kununua kitu kwenye duka dogo la mtandaoni. Akaweka kijiko chini. Nikajua nimejiletea semina.

Akasema rafiki huyo awatafute kwanza watu waliowahi kununua hapo, si zile sifa ambazo duka limejiandikia. Apige simu aulize wako mtaa gani. Awe na kadi ya pembeni yenye fedha kidogo, kuibiwa kusije kukawa kufilisika. Asikubali duka litunze namba za kadi yake. Na tarakimu ambazo benki hutuma kwenye simu asimsomee mtu, hata awe mama yake mzazi.

Nikasema duka la rafiki lina alama ya kufuli pale juu. Shemeji akasema kufuli linazuia watu wasichungulie njiani, lakini haliwezi kukuambia aliye ndani ni nani; hata mwizi hufunga mlango wake. Mke wangu akauliza rafiki huyo ni yupi. Nikasema mtu wa mbali. Akanitazama kidogo, kisha akaendelea kuondoa vyombo.

Nimekata shauri. Semina ya shemeji ni ndefu mno kwa mtu wa biashara. Mimi nina kipimo changu, na miaka yote kwenye saluni hakijaniangusha: salamu. Mtu mwema husalimu mpaka akamaliza. Mwizi hana muda wa salamu.

Jumatano, 5 Machi

Leo nimefanya uchunguzi. Ili nisije nikaitwa mtu wa pupa, nimepigia simu maduka mawili.

La kwanza linauza kiti hichohicho kwa bei kamili, bei mbaya. Mwanamke akapokea, akataja jina la duka, akauliza nataka nini. Habari za asubuhi hakuna. Nikamuuliza hajambo, akasema hajambo, nataka nini. Akanitajia mtaa, jengo na ghorofa, akasema naweza kwenda kukikalia kiti kabla sijalipa. Nikakata simu. Mtu anayetaja anwani kwa kasi ile ameikariri, na mtu hakariri kitu cha kweli.

La pili ni lile la familia. Mwanamume, sauti ya asali. Alinipa shikamoo kabla hajajua nina umri gani. Akauliza nimeamkaje, nyumbani wameamkaje, watoto je, kazi je, na mama je. Nikasema mama mgongo unamsumbua kidogo. Akasikitika mpaka nikaona vibaya. Wa kwake pia unamsumbua, akasema, na dawa ni kumkanda kwa maji ya moto. Nilikuwa nimepanga kumuuliza wako mtaa gani. Lakini watu mkishauguziana mama, kuulizana mtaa ni utovu wa adabu.

Nimelipa. Kadi ilikuwa chini ya mashuka, mwenyewe alikuwa kazini. Tarakimu za benki zikaja kwenye simu yangu, kwa sababu siku tulipoichukua kadi simu ya mke wangu ilikuwa kwa fundi, tukaandikisha namba yangu. Nikazijaza panapohusika. Duka likauliza kama litunze kadi yangu nisije nikasumbuka siku nyingine. Watu wanaojali namna hiyo ni wachache, nikakubali. Nimehakikisha kwamba kilichobaki kinatosha ada, na kinasalia kidogo. Sasa kosa langu liko wapi?

Jioni nimesimama mlangoni nikampungia mkono Daktari wa Nywele. Alinipungia pia, maskini, hajui kinachomjia.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya ushindi. Nikiwa na mwalimu chini ya wembe, mwanamke akanipigia. Bila hodi bila habari, akasema anatoka benki, kuna mtu anajaribu kulipia matairi ya lori kwa kadi ile, je, tunayatambua? Matairi ya lori! Mimi sina hata baiskeli. Nikamjua palepale: huyu ndiye mwizi. Si shemeji mwenyewe aliwahi kusema wapo wanaojifanya benki? Nikamuuliza kama kwao hawafundishwi kusalimia watu wazima, nikakata. Akapiga tena, nikakata tena. Mwalimu akasema huenda ni benki kweli, nipige ile namba iliyo nyuma ya kadi nihakikishe. Nikamwambia atulie nisije nikamkata na yeye.

Haukupita muda, akapiga Sauti ya Asali. Mgongo wa mama unaendeleaje? Nikasema maji ya moto yamesaidia sana. Akashukuru Mungu. Kisha akasema kiti kimekwama ghalani, benki itanitumia tarakimu nyingine, nimsomee ili kiachiwe. Ujumbe ukaingia. Umeandikwa kabisa kwamba tarakimu hizi asisomewe mtu yeyote. Mimi si mjinga, nikamuuliza hiyo imekaaje. Akacheka kwa upole, akasema maneno yale yamewekwa kwa ajili ya wezi, na sisi si wezi. Nikamsomea taratibu, nikarudia, asije akakosea.

Nimefunga saluni mapema nipime mahali pa kuweka kiti. Mito nimempa paka.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Mke wangu ametoka asubuhi na sare iliyopigwa pasi, faili la vyeti kwapani. Saa nne akanipigia. Kadi imekataa. Mhasibu wa chuo ameijaribu na kuijaribu mbele ya foleni nzima, mwisho akamwomba akae pembeni awapishe wengine. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kuna ninachojua. Nikasema labda ni mtandao.

Halafu nikashindwa kukaa. Nimefunga saluni nikakimbia. Nimemkuta kwenye benchi la nje, faili magotini, amelishika kwa mikono miwili, na waliokuwa nyuma yake wanatoka mmoja mmoja na risiti. Niliona aibu. Siku ile umeme ulipokatika nikiwa nimemnyoa bwana harusi upande mmoja sikuona aibu ya namna hii. Nikamwambia yote: kiti, Sauti ya Asali, tarakimu, mgongo wa mama. Hakupaza sauti. Aliuliza tu mama ameanza lini kuumwa mgongo. Nikakiri kwamba haumwi, nilisema ili mazungumzo yanoge.

Shemeji, ambaye dada yake alimpigia simu, akafika karibu saa kumi, anatembea kwa hasira. Kumbe yule mwanamke asiye na salamu anakaa naye meza moja. Nilipomkatia simu aliingiwa na wasiwasi, na matairi yalipopita kwa tarakimu nilizozisoma kwa kinywa changu, akaifunga kadi hapohapo. Matairi hayajapakiwa, fedha hizo zitarudi. Ya kiti ni habari nyingine. Kiti nililipia mwenyewe kwa mkono wangu. Watafuatilia, ila nisiache kula nikikisubiri. Nikauliza lile duka liko mtaa gani, angalau niende. Akasema lilikuwa na ukurasa tu, na tangu jana hata ukurasa halina.

Kadi mpya haitoki siku hiyohiyo. Mhasibu alishaanza kufunga madirisha. Shemeji akatoa kadi yake mwenyewe, akamlipia dada yake ada yote. Kisha akanigeukia, akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Akakitazama kichwa changu, ambacho hukinyoa chote kila Jumapili. Mke wangu akacheka, halafu akalia, halafu akaenda kuchukua risiti yake.

Tukarudi nyumbani, yeye mbele na risiti, mimi nyuma. Nilimbebea faili.

Jumapili, 9 Machi

Nimehukumiwa semina. Kila jioni, mpaka deni la shemeji liishe. Shemeji anauliza, mimi najibu, mke wangu anasahihisha. Duka likitaka kutunza kadi? Nakataa. Benki ikinipigia na nina shaka? Nakata, kisha mimi ndiye ninayepiga, kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Tarakimu za benki anasomewa nani? Nikajibu, mtu mwenye heshima zake. Nikarudishwa mwanzo.

Mwalimu mstaafu amenihama. Nimemwona kwa macho yangu kwa Daktari wa Nywele, amepaa juu, anasoma gazeti la watu. Baadaye amepita kuniomba radhi, akaniambia kiti kile kimetoka kwa yule mwanamke wa ghorofani. Daktari alikwenda, akakikalia, akarudi kuuliza wenzake, ndipo akalipa kwa kadi ya pembeni. Mwanamke hakumsalimu na yeye. Lakini Daktari wa Nywele hajali kusalimiwa, ni mtu asiye na malezi.

Nimemwomba paka mito yangu. Mmoja ameshautoa pamba.

Jumamosi, 15 Machi

Mke wangu anaanza chuo Jumatatu, atalala bwenini huko. Kadi yake mpya anaondoka nayo, na safari hii namba iliyoandikishwa ni ya simu yake. Mimi nimeachiwa kadi ndogo ya pembeni, ya gesi, sabuni na nauli za watoto. Shemeji amepinga mpaka sauti ikamkauka. Mke wangu akasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba yeye ananiamini. Amesema hivyo mbele ya watoto. Imenigusa. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia hivyo bila kushika kiuno. Nimeapa kuilinda kadi hii kama mboni ya jicho.

Wamekwenda sokoni kununua ndoo na shuka za bwenini. Nimekaa saluni peke yangu nikatafakari nilikosea wapi. Si kwenye salamu. Salamu ni kipimo kizuri, ila mimi nilipima haraka. Yule jamaa aliuliza habari za mama, lakini za baba hakuuliza. Pale ndipo ningemnasa.

Mara simu ikaita. Bwana mmoja, mtu mzima kwa sauti, kutoka ofisi inayowarejeshea watu fedha walizoibiwa mtandaoni. Akasalimu. Nikamwacha asalimu, nikiwa macho. Nyumbani hawajambo, watoto hawajambo, mama hajambo. Nikanyamaza makusudi. Akauliza na baba. Akauliza hata baba mkwe! Na si mbabaishaji, maana anajua kila kitu: siku niliyolipa, bei niliyolipa, mpaka rangi ya kiti. Mtu baki angeyajulia wapi hayo? Amesema fedha zangu zote ziko mezani kwake, zimekosa tu mahali pa kuingizwa. Mke wangu akirudi kutoka sokoni atakuta mambo yamekwisha, nami nitamlipa shemeji kabla ya chakula cha jioni.

Anataka namba za mbele ya kadi na zile tatu za nyuma. Nimemwomba asubiri kidogo. Zimeandikwa ndogo mno, nakwenda kuchukua miwani.