Nilivyooshwa Mikono kwa Maziwa

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Leo maabara ya anatomia. Wamefunua maiti. Nilisimama nyuma ya wote, karibu na mlango, na bado nikafumba macho. Mtu mzima, mwanafunzi wa tiba ya uti wa mgongo, naogopa mgongo! Nikamvuta Dokta Lindgren, mwalimu wetu, pembeni. Nikamwambia mila ya kwetu Meru hairuhusu kugusa maiti ya mtu asiye wa ukoo wako. Uongo mtupu. Aliweka mkono kifuani, akasema anaiheshimu sana mila yangu. Nitasomea viungo vya plastiki chumba cha pili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ni ndefu.

Jumatano, 5 Novemba

Balaa. Dokta amenitaka niwaeleze wenzangu mila hiyo. Nilipanga kusema maneno mawili tu nikae. Lakini Wazungu walivyonisikiliza! Nikanogewa. Nikasema katazo hilo huondolewa na mjane wa marehemu, naye hukuosha mikono kwa maziwa. Sijui maziwa yalitoka wapi. Labda ni kwa sababu sikuwa nimekunywa chai. Wakaandika. Héritière, Mkongomani tunayegawana naye meza, akauliza kama ni ya ng'ombe au ya mbuzi. Ng'ombe, nikajibu bila kupepesa macho.

Makena alikuwa anakohoa tu. Huyu tumetoka naye mji mmoja, Maua, na huku ughaibuni tunasali kanisa moja, mji wa Hopkins. Nje akaniuliza kwa upole: "Alvin, si baba yako ndiye anauza majeneza pale sokoni? Si ulikuwa unalala ndani ukiwa mtoto?" Ni kweli. Lakini jeneza tupu ni kitanda tu chenye mfuniko! Hatasema kitu, mradi nimkwangulie barafu kwenye kioo cha gari kila asubuhi. Nyoka!

Jumapili, 9 Novemba

Shangazi Rahab amenitambulisha tena kanisani kama daktari. Ndiye aliyenipokea huku, naishi kwake Apple Valley, na ameshawaambia wazee wote wasipeleke migongo yao kwingine. Baada ya ibada Mzee Alfred akajilaza kifudifudi kwenye benchi. Ningekataaje? Nikabonyeza mahali. Akapiga ukelele hata chai za watu zikamwagika. Shangazi akasema ndiyo dalili ya uponyaji. Mzee ameondoka ameinama upande. Niliona haya, nikajificha chooni hadi watu wakaisha.

Mtihani wa kutambua viungo ni Alhamisi. Nikianguka, narudia muhula mzima, na itabidi nimwambie mwanamke huyu. Heri nife. Hapana, nisife, watanifunua.

Jumanne, 11 Novemba

Mikono yangu inanuka maziwa.

Dokta alinisubiri mlangoni uso ukimng'aa. Amempata mjane! Marehemu mwenyewe aliacha ruhusa kwamba familia yake ikutane na wanafunzi. Nilitafuta mlango wa nyuma. Hakuna. Bibi Joyce, ajuza mdogo kutoka mji wa Blaine, ameendesha gari peke yake kwenye baridi hii, na dumu la maziwa kwenye kiti cha abiria. Alilifunga mkanda. Mumewe alifuga ng'ombe wa maziwa maisha yake yote, akasema, angeipenda sana mila yetu. Kisha akanimiminia mbele ya darasa zima. Yalikuwa vuguvugu. Aliyapasha ili baridi isinishtue. Alikuwa analia. Nami nikalia, watu wakadhani ni sehemu ya mila.

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi akaniambia mumewe aliitwa Harold. Akaniomba nimshike mkono kwa niaba yake, maana yeye kuingia mle hawezi. Nikaingia. Nikamshika. Mkono mkubwa wa mtu wa kazi, kucha zimekatwa vizuri. Sikuzimia. Ningefurahi kuzimia. Niliporudi, Bibi Joyce alisema anashukuru Mungu kwamba mzee wake amepata kijana mwenye adabu. Hata Makena hakukohoa. Sijawahi kujiona mtu duni kama leo.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeanguka. Nilijifunza yote kwenye plastiki, ambako mshipa mmoja ni mwekundu na mwingine wa buluu. Kwa Harold vyote vina rangi moja! Nikaita neva kano, na kano nikaiita neva. Makena amepita. Héritière amepita. Hata yule anayelala darasani amepita. Shangazi ameniuliza mtihani ulikuwaje. Nikamwambia watu walishangaa.

Ijumaa, 14 Novemba

Yatosha. Asubuhi nilikwangua kioo cha Makena, nikamwambia naenda kuungama kwa Dokta. Kila kitu: woga, majeneza, maziwa. Akashangaa. "Wacha! Kweli?" Kisha akaninyang'anya kikwanguo, akasema kuanzia leo atajikwangulia mwenyewe. Alisema anajivunia kutoka mji mmoja nami. Nilikwenda kifua mbele.

Dokta alinipokea vizuri, akafunga mlango. Kabla sijaanza, akasema kosa ni lake. Alinifanyisha mtihani haraka mno baada ya tambiko zito vile. Akauliza, mila yetu inasemaje: mtu akishaoshwa, apumzike kwa muda gani?

Nikamfikiria Bibi Joyce. Nikalifikiria lile dumu na mkanda wake. Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikafungua mdomo niseme ukweli.

Nikasema, mpaka mwezi mpya uandame.

Mtihani wangu umefutwa, nitaufanya upya mwezi ukiandama. Bibi Joyce ataalikwa tena kufunga tambiko. Safari hii, nimeshamweleza Dokta, ni siagi.