Kuhusu Gari Lenu Ambalo Watu Wote Wanasema Ni Langu

W. N. Makhanu,
Mwalimu Mkuu Mstaafu,
Free Area, Nakuru.

Kwa Meneja,
Kampuni ya Endesha Kwanza,
Nakuru mjini.

Bwana Meneja,

Natumai wewe na ofisi yako yote mko wazima, na kwamba kile kiti cha wageni kilichonimwaga siku niliyokuja kutia sahihi mkataba kimetengenezwa.

Nimepokea barua yenu. Mnasema mkataba wangu wa miaka mitatu unaisha tarehe thelathini mwezi huu, kwamba siku hiyo nirudishe gari ama nilipe malipo ya mwisho kwa mkupuo mmoja nipewe logbuku ya umiliki, na kwamba gari limepita kilomita tulizokubaliana kwa kilomita elfu kumi na tisa. Tena mmeuliza, kwa upole sana, mwalimu mstaafu anayekaa Free Area huwa anaenda wapi. Ningewajibu hata kesho kutwa, lakini tarehe tano mwezi ujao nina safari ambayo siwezi kuiahirisha, na nyinyi mnalitaka gari siku tano kabla yake. Kwa hiyo najibu leo, nikiwa bado nimekasirika.

Kwanza nisionekane mtu asiye na shukrani. Mkataba wenu una raha zake. Kwa kiinua mgongo changu ningenunua gari kuukuu la kutoa moshi, lakini nyinyi mlinipa jipya kabisa, siti zikiwa na nailoni zake, ambazo mke wangu Edinah alikataa zisitolewe mwaka mzima. Sevisi mnafanya nyinyi. Bima mnakata nyinyi. Gari likikohoa, napiga simu, naendelea na chai yangu. Jirani yangu Kiarie alinunua lake kwa pesa taslimu, na kila Jumamosi namwona miguu tu, mwili mwingine uko chini ya injini. Hilo nimewapa. Sasa naomba mnisikilize na mimi.

1. Kifungu cha nne kinasema gari ni mali ya kampuni mpaka nimalize kulipa. Mimi nilikisoma nikakiamini. Shida ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyekisoma. Siku nilipofika nalo nyumbani, kanisa zima lilikuja kuliombea. Pasta Ogola akamimina mafuta kwenye boneti, na lile doa mnaloliita uharibifu wa rangi ndilo hilo, ni upako. Akamshukuru Mungu kwa kunipa gari. Niliinua mkono nieleze kifungu cha nne lakini kwaya ilikuwa imeshaanza, na ukishaingilia kwaya yetu huna rafiki tena. Kwa hivyo shukrani zile zilipanda mbinguni na jina la mwenye gari asiye sahihi, na sijui ofisi gani inarekebisha jambo kama hilo.

2. Kilomita. Kwetu ni Kimilili, na sisi huzikwa nyumbani, hata mtu awe amefia Mombasa. Zamani nilikuwa natoa mchango wangu, napanda basi, nakaa nyuma ya hema, na hakuna aliyejua kama nimekuja. Tangu nipate gari nimewekwa kwenye kamati ya usafiri ya matanga ishirini na mawili. Nane kati ya hayo yalikuwa ya watu ambao sikuwahi kuwaona wakiwa hai! Mmoja alikuwa shemeji ya karani wa shule niliyofundisha Keringet, karani ambaye hata hatukusalimiana vizuri. Nikisema gari si langu, wazee wa kamati wananitazama kama mtu aliyeficha kuku baada ya kuona mgeni. Mimi sikuenda hizo kilomita elfu kumi na tisa, Bwana Meneja. Ukoo ndio ulioenda, mimi nilishika usukani tu.

3. Mmelalamika kuhusu manyoya na harufu kwenye buti, mkanikumbusha kwamba kifungu cha tisa kinakataza mifugo hai. Jameni! Shangazi yangu ameshamkamata jogoo, ameshamfunga miguu, ameshambeba mpaka barabarani mbele ya majirani. Nimwambie kuna kifungu cha tisa? Aliyekiandika hana shangazi.

4. Halafu hiyo traka yenu ya kufuatilia gari lilipo. Kila nikipita Timboroa njiani kwenda Kimilili, yule dada mpole wa ofisi yenu, Jackie, ananipigia kuuliza: mzee, gari liko salama, ni wewe unaendesha, lina mafuta ya kutosha, umepumzika. Sina ubaya naye, amelelewa vizuri. Lakini simu naweka kwenye spika kwa sababu ya usalama barabarani, na kiti cha mbele huwa amekaa mama yangu, ambaye masikio yake yana nguvu kuliko miguu. Kila anachosema Jackie mama anakisikia, na nyinyi hamkunionya kuhusu jambo hilo popote katika kurasa kumi na sita za mkataba.

5. Sasa nimefika kwa mama. Ana miaka themanini na minne. Amekaa kwangu mwaka mzima akitibiwa nyonga, na wiki iliyopita daktari alituambia anaweza kurudi nyumbani. Safari ya tarehe tano ni yake. Ni Jumamosi, ameichagua mwenyewe, kwa sababu Jumamosi soko la Kimilili linajaa. Katika soko hilo ndiko alikouza ndizi akipata karo yangu, akizibeba kichwani kutoka nyumbani, na wanawake wenzake wakimcheka kwamba anasomesha mtoto atakayemsahau. Watatu kati yao bado wako hai na bado wanauza pale. Mama anataka tupite mbele yao polepole, dirisha likiwa limeshushwa, ndani ya gari la mwanawe. Gari la mwanawe, Bwana Meneja! Kuna usiku nimeamka nikakisoma kifungu cha nne tena, nione kama kimebadilika.

Kwa kuwa basi gari ni lenu, na kwa kuwa mimi nimeshindwa kumshawishi mtu yeyote jambo hilo, naomba kwa heshima mwenye gari aje ashike nafasi yake:

(a) Meneja ajiunge na kamati ya usafiri ya ukoo wetu mara moja. Tunakutana Alhamisi jioni, chai ipo, mkate kila mtu anajiletea.

(b) Meneja afike kanisani Jumapili moja amshukuru Mungu upya kwa jina la kampuni. Sadaka ya shukrani isiwe ya aibu.

(c) Katika harusi ya mpwa wangu Abby mwezi wa Agosti, Meneja asimame na wazee kama mwenye gari la bibi harusi. Suti ni za rangi ya samawati. Atutumie kipimo cha kiuno mapema, fundi wetu ana maneno mengi.

(d) Jogoo wote kuanzia sasa wapokelewe na Meneja mwenyewe, kwa mikono miwili.

(e) Tarehe tano Meneja aje Kimilili, asimame sokoni, amwambie mama yangu mbele ya wale wanawake watatu kwamba gari ni lake Meneja na mimi ni dereva. Mimi siwezi. Nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu aliniuliza kama nimekula.

Mkishindwa na haya, basi nyinyi si wenye gari, maana kwetu mwenye gari hajulikani kwa logbuku, anajulikana kwa matanga. Na kama si wenye gari, basi mwenye gari ni mimi, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwalipa kila mwezi ili niendeshe gari langu mwenyewe. Naomba mnieleze kwa maandishi ni vipi jambo hilo lilipita kwa mawakili wenu.

Nisalimieni wote hapo ofisini: mhasibu, mlinzi wa getini ambaye hunipigia saluti bila sababu, mama wa chai, na Jackie. Edinah anawasalimu pia, na anauliza kama zile nailoni za siti mlizotoa kwenye sevisi mnaweza kumrudishia.

Wenu kwa uaminifu, mshika usukani tu,

W. N. Makhanu

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha mama alipoingia akauliza namwandikia nani. Nikamwambia, ofisi ya gari. Alifurahi sana. Akaniambia niwasalimu vijana wangu wa kazi, hasa yule karani wangu Jackie anayenipigia kuuliza kama bosi wake amefika salama, na kwamba nisiwe mkali juu ya mishahara yenu, maana mnanijali. Kumbe muda huu wote hivyo ndivyo amekuwa akiwaambia watu wa Kimilili. Kwa hiyo naomba ombi la (a) mpaka la (e) mlifute, na Meneja asije. Andaeni logbuku. Edinah amekubali tutoe pesa tulizoweka za kubadilisha mabati ya nyumba, na nitaleta malipo yote kabla ya tarehe thelathini; paa linavuja upande wa jikoni tu na tumeshazoea. Kilomita elfu kumi na tisa ni zangu, na manyoya ni yangu. Ila tarehe tano traka isitolewe bado. Tukipita Timboroa, Jackie apige kama kawaida, na siku hiyo asiniite mzee, aniite bosi. Simu itakuwa kwenye spika.