Mkurugenzi wa Fizikia ya Kina

Mvua ndiyo iliyomwingiza Mtelezo katika idara ya fizikia; elimu haijawahi kumwingiza popote. Alisimama varandani akikung'uta suti yake, ile moja aliyokuwa nayo, akaona wanafunzi wamebanana mbele ya ubao wa matangazo kama watu waliosikia sukari imeshuka bei. Mmoja alikuwa analia.

"Kafiwa?" Mtelezo akauliza kwa upole.

"Kakosa nafasi ya utafiti likizo ndefu hii," akajibiwa. "Maabara inachukua wawili tu, na darasa zima tumeomba. Bila utafiti, ukimaliza shahada ya kwanza hakuna anayekutazama mara mbili."

Jamani, kuna watu wakiona machozi hutoa leso. Mtelezo aliona machozi akaenda kutafuta chumba cha kupanga.

Alikipata juu ya duka la dobi, kimejaa harufu ya sabuni na mvuke wa pasi. Akatundika kibao: KITUO CHA KIMATAIFA CHA FIZIKIA YA KINA. Akavaa koti jeupe, akachomeka kalamu za kila rangi mfukoni, akaanza kusajili. Ada haikuwa kubwa, maana Mtelezo alikuwa tapeli mwenye huruma: hupenda kumkata mtu taratibu asisikie maumivu. Wiki haikwisha, nusu ya darasa ilikuwa imelipa, naye alishaanza kuulizia mabasi ya safari za mbali.

Ndipo akaja Mama Kwa Nini. Jina hilo alipewa na baba yake utotoni kwa sababu ya maswali, likamfuata hadi chuoni. Alikuwa ameshalipa, kwa pesa alizotumiwa na shangazi yake, na sasa alitaka kujua jambo dogo tu.

"Mkurugenzi, utafiti wetu unahusu nini?"

"Giza," akasema Mtelezo, akitazama dirishani kama anayeliona likija.

"Giza lipi?"

"Giza kwa ujumla."

"Na tutalipima kwa nini?"

"Kwa uangalifu mkubwa, binti yangu."

Mama Kwa Nini akaacha kuuliza. Akaitazama meza tupu, akazitazama zile kalamu, akaelewa. Angekimbilia polisi, jamaa angeyeyuka kabla yeye hajavuka barabara, na ada za wenzake zingeyeyuka naye. Akatabasamu.

"Basi nitamwambia shangazi. Anatafuta kituo cha kufadhili. Pesa anazo mpaka zinamkera."

Mtelezo akasahau mabasi yote.

Shangazi mtu alikuja kwa teksi, miwani myeusi usoni, manukato yakimtangulia ngazini. Kazi yake halisi ilikuwa kushona mapazia, ila mchana ule alikuwa mjane wa tajiri wa mbao, na ujane ulimkaa vizuri sana. Akapitisha kidole juu ya meza, akakikagua.

"Vyombo viko wapi?"

"Viko njiani, mama."

"Hata mimi niko njiani, baba. Sifadhili meza. Nikikuta vijana wanafanya kazi kwa vifaa, nitafungua mkoba. La sivyo, kuna kituo kingine kinanisumbua kwa simu."

Hapo ndipo mjanja angefunga virago. Lakini Mtelezo alikuwa tayari ameshautumia ule mkoba kichwani, na nyumba alishajenga. Akakusanya ada zote, akauza na pikipiki yake, akaenda dukani na Mama Kwa Nini amwonyeshe cha kununua: leza, vioo, vipima mwanga, mashine ya kuchorea mawimbi ya umeme.

"Risiti iandikwe jina la chama cha wanafunzi," binti akamwambia muuzaji.

Mtelezo akakunja uso. Binti akamnong'oneza, "Shangazi hapendi vifaa viwe mali ya mtu mmoja. Anasema hapo ndipo matapeli hujificha."

"Hata mimi siwapendi," akasema Mtelezo, akalipa.

Wanafunzi, ambao Mama Kwa Nini alishawanong'oneza yote, wakaanza kazi kwelikweli. Mtelezo akawa anazunguka mikono nyuma, akisema "vizuri, vizuri" na kujikwaa kwenye nyaya. Walipompisha achungulie mwanga mwekundu ukijigawa mistari mistari ukutani, aliinama pale kwa muda ambao haukuwa na faida yoyote kibiashara.

Asubuhi ambayo shangazi alitarajiwa kufungua mkoba, Mtelezo alikuta chumba kitupu. Akatoka mbio hadi idarani, koti likipepea. Mama Kwa Nini alikuwa mlangoni pa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Ndani, leza ilikuwa inawaka, na mhadhiri kijana alikuwa amekubali kuwasimamia darasa zima. Kilichokuwa kimemkwamisha siku zote ni vifaa.

"Mmeniibia!" akafoka Mtelezo. "Naenda polisi!"

"Twende wote, Mkurugenzi. Utaanza kueleza wewe au nianze mimi?"

Mtelezo akatafakari. "Shangazi yuko wapi?"

"Kwake, anapinda mapazia. Kasema koti limekupendeza, ila mabega yanahitaji kupunguzwa."

Mhadhiri akatoka, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. "Wewe ndiye mfadhili niliyeambiwa? Karibu, mzee! Tafadhali, maneno mawili tu kwa vijana."

Wakampigia makofi. Wengine walikuwa wanaficha vicheko, lakini makofi ni makofi, na Mtelezo hakuwahi kupigiwa na watu wanaomjua. Akazungumza. Alizungumza juu ya mwanga, juu ya vijana, juu ya moyo wa kujitolea, hadi mhadhiri akajipangusa macho.

Alipofika getini ndipo akakumbuka kwamba katikati ya hotuba ameahidi kuwalipia chakula cha mchana likizo nzima. Akasimama pale akiwa na joto la koti, hana pikipiki, hana senti. Kilichomtisha zaidi ni kwamba alipokuwa akiahidi, hakuwa anadanganya.