Ruhusa ya Kushuka

Bwana Joash Ogada hakuwa na dirisha ofisini, hakuwa na karani, hakuwa na gari, na hata cheo chake hakikuwa kizima: Kaimu Mkurugenzi, Idara ya Upandaji na Ushukaji wa Magari. Hilo neno "Kaimu" lilimwasha kama upupu. Ndiyo maana Jumatatu moja, mjini Nakuru, alilitangazia taifa hatua ya kihistoria: vyuma vya kukanyagia vinavyofungwa ubavuni mwa magari marefu vimepigwa marufuku. Vilikuwa vinawazoesha wananchi kupanda bila bidii. Waziri alitia saini bila kusoma, jambo ambalo Ogada alilipokea kama ishara ya imani.

Kizuizi cha kwanza kiliwekwa mtaa wa Bondeni, mbele ya soko. Lori la dereva Rupinder likasimamishwa, msumeno wa umeme ukalia, kikanyagio kikaanguka. Mama Truphosa, aliyekuwa akienda nalo Ndabibi, karibu na Naivasha, kuchukua kabeji za kuuza, akabaki chini na goti lake bovu.

"Boss, sasa mimi nitapanda na nini? Na mabawa?"

"Andika barua ya kuomba ruhusa ya kukanyaga, mathe. Uitume kwa posta. Ya mkononi hatupokei. Itashughulikiwa kwa zamu."

"Na kibanda yangu? Nitauza hewa?"

"Hewa haimo katika kanuni."

Truphosa akaandika. Barua ilipofika, Ogada aliiweka peke yake katikati ya meza na kuiacha ikomae. Kule sokoni, kibanda kilibaki na vitunguu viwili na paka.

Wiki ya tatu Waziri akaja kukagua matunda ya sera na, ilivyosemekana, kumwondolea Ogada ule ukaimu. Gari lake lilikuwa refu kama ghorofa. Askari wa kizuizini, waliofunzwa vizuri, walilisimamisha, wakakata vikanyagio vyote viwili, kisha wakapiga saluti, Ogada akiwa kando yao.

Waziri akafungua mlango, akatazama chini. Alikuwa mtu mfupi, mwenye tumbo la heshima, na haja ndogo ilikuwa imembana tangu Gilgil.

"Ogada, lete stuli."

"Stuli ni kifaa cha kukanyagia, Mheshimiwa. Kifungu cha nne."

"Basi nibebeni!"

"Cha tano."

"Nani aliandika huu upuzi?"

"Mimi, Mheshimiwa. Wewe ulitia saini."

"Ruka, mzito! Tutakudaka!" mtu akapaza sauti, na soko zima likacheka.

"Sasa nifanye nini?"

"Ni kuandika barua tu, Mheshimiwa. Inashughulikiwa kwa zamu."

"Na mbele yako niko mimi," akasema Truphosa, gunia tupu begani.

Ogada akamtazama Waziri, ambaye sasa alikuwa amebana magoti. Akatoa muhuri mfukoni, akaidhinisha ombi la Truphosa palepale, kasi ambayo utumishi wa umma haujapata kuiona. Fundi wa sokoni akachomelea kikanyagio cha lori la Rupinder, lililokuwa limeegeshwa kando ya gari la Waziri, bila haraka. Truphosa akakanyaga, akapanda, akaketi kando ya Rupinder.

Waziri akaandika mstari mmoja juu ya goti: *Naomba ruhusa ya kushuka.* Akalamba bahasha, akaifunga, akamnyooshea Ogada.

"Ya mkononi hatupokei," Ogada akanong'ona, jasho likimtiririka.

"Leta nikupostie, mzee," Truphosa akasema, mkono nje ya dirisha. "Posta ya hapa iko na foleni. Nitaitia kwa sanduku ya Naivasha, nikishapakia kabeji."

Barua ikapita kutoka dirisha hadi dirisha, na lori likaondoka nayo.