Mamba Watatu wa Ngokolo

Jumatatu, 7 Machi 1988
Leo nimeingiza sokoni dawa yangu ya kuchua mgongo. Mamba Watatu! Mama Athanas, jirani yangu wa kibanda, anauza Mamba Wawili mwaka wa kumi sasa. Wachimba dhahabu wa Geita hawapiti bila kopo lake. Mimi nina watatu! Kopo kijani kama lake, mamba wekundu kama wake, mmoja zaidi. Mke wangu Mektilda kauliza kwa nini nisichore ng'ombe. Hajui biashara. Makopo arobaini yameisha kabla ya adhuhuri.

Jumatano, 9 Machi
Mageni, mchimbaji, kamvamia Mama Athanas, mgongo malengelenge matupu. Pilipili yangu, nilizidisha kidogo. Kamrushia kopo langu akidhani ni lake, eti mama ameanza kuua watu? Mama Athanas kahesabu mamba, kalia. Wateja wamemkimbia. Kaniita mwizi. Nimemjibu awafundishe watu wake kuhesabu.

Ijumaa, 11 Machi
Bwana Donatus wa serikali katoka Dar es Salaam, kashuka na ndege Ibadakuli, kwa ajili ya mamba wangu! Nimevaa koti. Kasema huko kuna kitabu cha alama za biashara, na mamba wa Mama Athanas wameandikwa humo. Picha ina mwenyewe! Nikabisha: watatu si wawili. Kasema mwenye maumivu hahesabu. Anakumbuka mamba na kijani, basi, na sheria inamlinda huyo. Kisha kaniuliza: jirani akiwapiga ng'ombe wake chapa ya ukoo wangu, akaongeza mstari mmoja, wakachanganyika na wangu lamboni, nitafanyaje? Nikaruka kusema namwitia sungusungu, walinzi wa kijiji! Soko zima likacheka. Ndipo nikaelewa: jirani huyo ni mimi. Kumbe hata dawa ina ukoo! Nisipofuta mamba kufikia Jumatatu, kibanda kinafungwa.

Jumamosi, 12 Machi
Mgongo umenikamata. Mektilda kanichua, kopo liko mbele ya macho yangu muda wote. Ajabu! Nimesimama wima kama kijana. Nimewatangazia majirani kwamba Mamba Watatu haina mpinzani. Mektilda kaniambia nihesabu. Wawili! Kanunua kwa Mama Athanas, yangu anaiogopa. Mimi mwenye dawa sikujua! Nimelitazama kopo hilo kama vile padre ameliinua altareni. Sheria ile imeona mpaka chumbani kwangu.

Jumatatu, 14 Machi
Nimechoma karatasi zote za mamba. Nimemwomba radhi Mama Athanas mbele ya watu. Mageni mwenyewe kanunua kopo lake. Bwana Donatus kanishika mkono. Nimewahutubia sokoni: sheria kubwa hii, tuiheshimu! Wamepiga makofi.
Kutoka hapo, moja kwa moja kwa Thobias mchoraji. Dawa mpya: Kenge Wanne. Kenge si mamba, hata mtoto anajua. Thobias kasema hajawahi kuchora kenge. Nimemwambia asijisumbue, atumie picha ya mamba.